Mahadhi Aliyopewa Mpiga Besi

Nakumbuka siku moja, nikiwa mdogo hapa Pujini, walikuja watu wa serikali kupiga dawa ya mbu majumbani. Bibi yangu akamnyanyua kuku wake aliyekuwa akilalia, akamficha ndani ya kanga wasije wakamchukua, akakaa juu ya mbuzi kama mtu anayekuna nazi. Wale watu wakamsalimu, kuku akaitikia. Bibi hakucheka. Akasema ni tumbo.

Nakwambia haya, mwanangu, ujue umetokana na watu gani. Sisi mgeni akipewa chai, ujue tumeshamtazama mikono, viatu na njia aliyojia. Wala silaumu. Wengi walikuja hapa wakichekacheka, wakaondoka na vyetu.

Basi mwaka juzi alikuja kijana wa Unguja, jina lake Salim, na sanduku refu kama jeneza. Ndani mna besi, ile fidla nene ya taarabu inayopigwa kwa kusimama. Alisema anatunga nyimbo mpya za besi peke yake, bila mwimbaji wala ngoma, na anataka zitokane na ngoma za mashamba. Moyo wangu ulikataa. Mtu mpole hivyo anataka nini?

Alimtaka shemeji yangu, Mzee Hamadi. Huyu ndiye aliyekuwa akipuliza zumari kwenye mchezo wa ng'ombe, ule wa vijana kumchezea fahali uwanjani, na mahadhi ya kumwamsha ng'ombe alibaki nayo yeye tu. Meno yalikuwa yamekwisha, zumari hashiki tena, na wanawe hawakutaka kujifunza. Akiondoka yeye, basi.

"Besi peke yake?" Hamadi akamuuliza. "Nani atakaa kusikiliza mlango unaolia?"

"Mimi nitakaa, babu. Wewe niimbie kwa mdomo tu, nitayatafuta kwenye nyuzi."

Nikamvuta Hamadi kando. "Huyu atayapeleka redioni aseme ya kwake."

"Niachie mimi," akanijibu.

Wakashinda barazani siku kadhaa, mmoja anaimba kwa ufizi, mwingine anavuta upinde. Mwanzo ulikuwa wenyewe hasa. Lakini pale mwishoni, sauti inapopanda na ng'ombe akainua pembe, Hamadi alipachika wimbo wa kubembelezea mtoto mchanga. Kisha akanikonyeza. Mimi nikanywa chai yangu.

Siku ya mchezo Salim akasimama na besi lake kando ya uwanja, akapiga. Nikwambie kweli, jiti lile lilinguruma nikalisikia kifuani, na ng'ombe akasimamisha masikio. Halafu ukaja ule wimbo wa mtoto.

"Mwanangu," akasema Bi Asha, mkubwa wa waimbaji wa kike, "ng'ombe umemwamsha, sasa unamlaza? Na maziwa umemletea?" Wanawake wakaangua kicheko, wengine wakakunja mitandio yao wakaipakata kama watoto.

Salim akamgeukia Hamadi. "Babu, ndivyo ulivyonifundisha?"

"Ndivyo."

Mwanangu, mgeni mchunguze. Mimi Salim simwamini hata leo, na sijui angeyafanya nini mahadhi yetu. Lakini ukiona mtu hafai, mwambie hapana, usoni, aondoke na hapana yake. Usimpe kitu kibovu ukaapa kuwa ndicho. Hamadi tumemzika masika haya. Ule mwisho wa kweli mimi nausikia kichwani nusunusu, nikijaribu kuuimba unanipotea. Mahadhi yaliyobaki mazima ni yale ya uwongo, nayo anayo Salim.

Mungu akupe jicho la kumjua mtu, na ulimi wa kumkatalia bila kumdanganya, akuhifadhi wewe na utakaowazaa.

Salim siku ile hakugomba. Alipangusa nyuzi kwa kitambaa, akalilaza besi sandukuni taratibu, akaagana na Bi Asha kwa adabu, akajitwika sanduku mgongoni na kushika njia ya Chake Chake. Hajarudi tena.