Nilimpangia Mjomba Kahawa, Sasa Anataka Kufuta Hati

Nifichieni jina na mtaa, kwa sababu wote ninaowataja wana simu na wengine wanausoma ukurasa huu. Nina miaka thelathini na sita, sijaolewa, ni karani wa ghala la korosho hapa Mtwara. Naishi na mjomba wangu, kaka wa marehemu mama. Amepita themanini. Alifanya kazi bandarini, anapata pensheni, na ana vyumba viwili vya kupangisha.

Sisi ni Wamakonde, na kwetu mjomba ni mzazi. Mama alipofariki nikiwa bado mdogo, yeye ndiye aliyenilea na kunisomesha. Kwa hiyo alipopata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea na benki ikaanza kuikataa saini yake, alikwenda kwa wakili akaandikisha hati ya uwakilishi. Kwa hati ile mimi natoa hela zake, nanunua chakula na dawa, nakusanya kodi. Wanawe wako Dar. Wakili alipomuuliza kwa nini hakuwapa wao, alijibu, "Mtoto wa dada yangu namjua alikotoka. Hao wengine niliambiwa tu." Wakili alicheka. Binamu yangu mkubwa, nimwite Hamisi ingawa si jina lake, hajacheka mpaka leo.

Mambo yalikwenda vizuri hadi mjomba alipoanza kusahau. Kila asubuhi akishaswali huenda barazani kunywa kahawa na wenzake, na tangu zamani mlipaji ni yeye. Sasa akawa analipa anapofika, analipa tena anapoondoka. Baraza likajaa watu asiowajua hata majina. Bodaboda wanaosubiri abiria wakawa wanakunywa kwa hesabu yake, wengine wanaagiza na kashata za kubeba. Mwezi mmoja pensheni ikaisha kabla sijanunua dawa yake ya presha. Nikamfuata muuza kahawa, nikamwambia ya mjomba nitalipa mimi, kikombe chake na kashata yake, wengine wajilipie. Nikamwomba asiyaseme hayo mbele za watu. Akaitikia.

Akayasema mbele za watu. Jirani yetu alikuwapo, ndiye aliyenisimulia. Mjomba aliagiza kama siku zote, "Wape wote." Muuza kahawa akamwambia, "Mzee wangu, leo umelipiwa kikombe kimoja. Wape wote haimo."

Mmoja akadakia, "Kumbe tajiri naye ana tajiri wake."

Mwingine akasema, "Muulizeni kama kashata kapewa ruhusa."

Watu wakacheka. Mjomba aliweka kikombe chini kikiwa kimejaa, akachukua bakora yake, akarudi nyumbani.

Tangu siku hiyo hatoki. Chakula anagusa tu. Nilikaa naye nikamweleza.

"Mjomba, dawa ilikosekana."

"Ungeniambia."

"Nilikwambia, ukasahau."

"Ungeniambia tena. Hati nilikupa uniendee benki. Sikukupa unichagulie wa kumnywesha kahawa."

"Basi nitamwambia arudishe kama zamani."

"Arudishe nini? Watu wameshajua."

Kuhusu dawa, bado naona sikukosea. Nilikosea kumtumia mtu mwingine kumwambia mjomba wangu neno ambalo mimi mwenyewe niliogopa kumwambia mara ya pili.

Habari zikamfikia Hamisi. Akanipigia: "Wewe mtoto wa shangazi, umeshika mfuko wa baba yangu, unampa posho kama mtoto wa chekechea?" Sasa mjomba anasema atafuta hati yangu, aandike nyingine ya Hamisi. Hamisi hajaficha anachotaka. Tangu mwaka jana anasema nyumba ya Mtwara iuzwe, mzee akaishi kwake Mbagala, kwenye vyumba viwili vyenye watoto watano. Nilimuuliza mjomba kama analijua hilo. Akasema, "Nalijua. Mwanangu atanidhulumu ndani. Hatanidhalilisha barazani."

Nilikwenda kwa wakili peke yangu. Akaniambia mjomba akiwa na akili timamu anaweza kuifuta hati siku yoyote, dole gumba linatosha. Nikileta maandishi ya daktari kwamba hajui tena anachofanya, hataweza kufuta wala kumpa mtu mwingine. Lakini hati yangu nayo itakoma, na itabidi twende mahakamani apatikane msimamizi. Huko itasemwa waziwazi, yeye akiwa amekaa pale, kwamba akili yake si timamu. Kweli anasahau alicholipa. Lakini nyumba yake anaijua, wapangaji wake anawajua, mimi ananijua. Ana hasira, na hasira si ugonjwa. Nikienda kwa daktari nitakuwa natafuta maneno ambayo mwenyewe siyaamini.

Jana jioni aliniita. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Mpwa wangu, Jumatatu niitie bajaji unipeleke kwa yule wakili. Ila tupite benki kwanza, utoe hela ya kumlipa."

"Nitoe mimi, Mjomba?"

"Atatoa nani? Mwenye saini si wewe?"

Hakuwa anatania. Niliitika, kwa sababu sijawahi kumkatalia jambo ana kwa ana.

Nikiitoa, nitakuwa nimesaidia kuuza nyumba anayolala. Nikikataa, nitakuwa nimemnyima hela yake mwenyewe akiwa ananitazama, na hapo Hamisi hatakuwa amenisingizia. Ninyi mnaoishi na wazee, msiniambie nimwachie Mungu, hilo nimeshalifanya. Niambieni Jumatatu nikifika dirishani pale benki, naye amekaa kwenye bajaji nje ananisubiri, nifanye nini?