Mataruma Sita

Wakati wa Mwingereza nusura nikose mke kwa sababu ya neno moja, taruma, na mpaka leo sijamsamehe aliyelitunga.

Mchumba wangu alikuwa binti wa mnyapara wa reli kule Kisarawe. Mzee yule aliipenda reli yake kuliko wanawe, naye alitoa sharti moja tu: hapana ndoa mpaka nyumba yangu ya Visiga iezekwe. Fundi niliyempata alikuwa mtu wa pwani, aliyeunda majahazi kabla ya kuoa kwetu. Kuta ziliposimama alizizunguka mara mbili, akatikisa kichwa.

"Ukizitwisha paa zitapanuka hizi. Nitafutie mataruma sita."

Mimi taruma nililolijua ni lile pande la chuma linalolazwa chini ya reli. Nikaona bahati imeniangukia, maana mwenye mataruma ni mkwe wangu mtarajiwa. Sikumwuliza fundi swali hata moja; ujuaji ndio uliokuwa ugonjwa wangu. Asubuhi nikavaa kanzu safi, nikaenda Kisarawe kwa miguu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nyumba imefika wapi?"

"Imebakia kidogo, baba. Naomba unisaidie mataruma sita."

Mzee aliweka kikombe chini. "Sita. Ya wapi?"

"Popote, baba. Hata yale ya kule porini, ambako watu hawapiti."

"Na treni ya kesho ipite wapi, mwanangu? Ukumbini kwako?"

Akanitoa nje na kusema posa imekwisha. Nililia njia nzima, wala sioni haya kusema.

Siku ya tatu alikuja Visiga mwenyewe, kuhakikisha chuma chake hakijafika. Alimkuta fundi, aliyechoka kunisubiri, amechonga miti sita iliyopinda na anaipachika chini ya paa.

"Nini hii?"

"Mataruma."

"Mataruma ni ya reli."

"Reli imekuja juzi, mzee. Haya ni mbavu za chombo, yanazuia ubavu usifunguke. Babu yangu aliyachonga kabla hujaona moshi wa treni. Nyinyi jina mmeliazima kwetu, na asante hamkusema."

Wakabishana mpaka adhuhuri. Mzee alidai neno lilishuka na treni. Fundi alisema lilikuja na Waarabu, kisha akasema labda Wareno, mwisho akakiri hajui. Hapo mzee akarukia taruma moja, akaning'inia kwa mikono miwili. Halikutikisika. Akashuka akicheka, na posa ikarudi.

Baada ya harusi mke wangu alinieleza yaliyotokea kwao siku ile niliyofukuzwa. Baba yake alimwita, akamwuliza, "Yule bwana kama si mwizi ni mjinga. Wewe unamtakia nini?"

Naye akajibu, "Kama yuko tayari kung'oa reli kwa ajili yangu, baba, mimi nitamngoja."