Chombo Nilichomtia Mama Mdogo Kinywani

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, wewe unayeanza kazi hii ya meno. Nilikuwa tabibu mgeni katika zahanati moja hapa Same, mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mama mdogo Nakijwa, aliyenilea baada ya mama kufariki, aliteremka kutoka milimani na kapu la tangawizi. Fizi zilikuwa zikimtoka damu. Hakutaka tabibu mwingine, alimtaka mwanawe.

Ugaga, ule uchafu mgumu unaoganda kwenye meno, ulikuwa umejificha chini ya fizi. Bi Namsifu, mkubwa wangu wa kazi, alichungulia akaniambia, "Huko chini tumia kile chombo cha kukwangulia chenye ncha ya mviringo. Hicho kilichochongoka ni cha juu ya fizi tu. Subiri, vya mviringo bado vinachemshwa."

"Mchagua jembe si mkulima, Bi Namsifu," nikamjibu. Kumbe zipo methali za shambani zisizofaa kinywani mwa mtu. Niliona nikisubiri mbele ya mama nitaonekana mwanafunzi.

Nikaingiza kilichochongoka. Mama alikunja vidole vya miguu, damu ikajaa mdomoni. Nikamwambia ni kawaida.

"Wewe ndiye unayejua, mwanangu," akasema, akatema, akanishukuru.

Fizi zilichanika, na ugaga wa ndani ukabaki palepale. Usaha ukafuata. Mwaka haukuisha, Bi Namsifu akamng'oa meno matatu ya mbele, mimi nikimshikia taa. Bi Namsifu hakunitazama hata mara moja. Mama aliacha kuimba kwaya. Akicheka, anafunika mdomo kwa kanga. Majirani wakimuuliza, anawajibu, "Meno yangu yalikuwa mabovu tu. Mwanangu alijitahidi."

Nami nikamwacha aseme. Miaka tisa nilimwacha aseme, hadi tukamzika kule juu. Mficha uchi hazai. Mimi nilificha, hata msamaha sikuupata.

Basi, mwanangu, vijue vyombo vyako kimoja kimoja: cha juu ya fizi na cha chini, cha meno ya mbele na cha magego. Makali yakiisha, yanoe. Kikiwa bado kinachemshwa, subiri, hata kama anayekutazama ni mzazi wako. Na ukimuumiza mtu, mwambie angali hai akusikie. Mungu akupe mkono mtulivu, akuepushe na shukrani usizostahili.