Slugi Hana Kupe

Katika mji wetu wa nyanda za juu, ukimwambia mtu kwamba mwanawe ni mwizi, atakuomba ushahidi. Ukimwambia kwamba slugi wake ana kupe, atakuomba utoke nje mpigane.

Slugi kwetu haitwi mbwa. Mbwa ni yule wa kulinda kondoo, anayelala nje na kula makombo. Slugi ni muungwana. Hukimbiza sungura kwenye nyasi za halfa, hulala ndani, na kabla ya msimu wa kuwinda hupakwa hina miguuni kama bibi harusi. Na damu ya muungwana, wanasema watu wa siku hizi, kupe haigusi. Nani amewaambia? Hakuna. Wamejiambia wenyewe baada ya kuhamia kwenye nyumba za saruji.

Baba zetu hawakuwa na upuuzi huo. Waliishi hemani, na jioni, mbuzi wakishakamuliwa, wanawake walimlaza slugi mapajani, wakampekua masikioni, makwapani na katikati ya vidole, huku wakizungumza habari za ndoa na misiba na kutupa kupe motoni. Shingoni walimpaka lami ya mreteni, akanuka moshi kiangazi kizima. Mahali pakizidi kupe, tuling'oa hema tukaenda zetu. Kupe walibaki pale, wakingoja damu iliyokwisha ondoka. Hakuna aliyeona haya. Kisha tukachoka kuhama. Tukajenga kuta, kuta zikapata nyufa, na kupe nao wakapata makazi ya kudumu.

Kuider mwana wa Tayeb, jirani yangu, alikuwa muuza sufi. Mtu mwema, mkarimu, mwenye masharubu mazito kuliko mwili wake. Alikuwa na slugi jike wa rangi ya kijivu aliyeitwa Zerga, na hakuna sungura aliyemwona Zerga mara mbili. Kuider alimpenda kuliko duka lake, na ili watu wote walijue hilo alimjengea chumba uani, chenye vigae vya buluu ukutani kama hamamu. Mkewe, Mbarka, alikuwa akipika jikoni penye sakafu ya udongo.

Wageni walipelekwa kukiona kile chumba kabla hawajapewa hata maji. Walisifu vigae. Hawakutazama katikati ya vigae, mahali ambapo chokaa ilikuwa imepasuka. Mbarka alitazama.

"Baba Aissa," alimwambia mumewe asubuhi moja, "kupe wanapanda ukutani kama mahujaji."

"Hao si kupe. Ni wadudu wa saruji."

"Wadudu wa saruji wanakunywa damu?"

"Mwanamke, slugi wangu hana kupe!"

Dawa ya kupe ilikuwepo, dukani kwa Miludi. Lakini Miludi alikuwa na ulimi wenye mbio kuliko slugi yeyote, na mtu akiinunua asubuhi, adhuhuri mkahawa wote ulikuwa na habari. Kwa hiyo waungwana wa mji walikuwa wakiwang'oa kupe kwa siri, milango imefungwa, kama watu wanaohesabu mali ya wizi. Kuider yeye hakung'oa hata kwa siri. Bahati mbaya yake ni kwamba aliyasadiki maneno yake mwenyewe.

Majira ya kiangazi Zerga akaacha kula. Akawa analala tu, na macho yake yakaingia ndani. Mbarka alimfunua mdomo akaona fizi nyeupe. Alisema aitwe daktari wa mifugo. Daktari huyo alikuja mjini siku ya soko tu, siku nyingine alikuwa Jelfa.

"Gari la daktari likisimama mlangoni kwangu, watu watasemaje?" akauliza Kuider. "Na Haji Buziane anakuja siku hiyo hiyo!"

Haji Buziane alikuwa mtu wa Laghwat mwenye slugi dume aliyesifiwa nyanda zote, na alikuwa anakuja kumtazama Zerga ili wapandishwe. Kuider alikuwa ameingoja ziara ile tangu majira ya baridi. Basi badala ya daktari, Zerga alipata hina mpya miguuni na wanja machoni.

Siku ya soko ikafika, na Haji akafika na dume lake. Lilikuwa dume zuri kweli, ila shingoni manyoya yalikuwa yamelala kwa duara, kama mahali palipovuliwa kitu dakika chache zilizopita. Na kitu kinachovaliwa hapo, mkanda wenye dawa ya kupe, sote tulikijua. Nami nilialikwa, tukaketi wote mkekani, slugi hao wawili wamelala pembeni, tukaletewa kuskusi tamu yenye zabibu.

"Slugi wangu," alisema Haji, "tangu azaliwe hajui kupe ni nini."

"Wa kwangu hata ukimwonyesha hatamtambua," alisema Kuider.

Hapo ndipo nilipokiona kitu mkekani, kati ya wageni na mwenyeji: cha kijivu, cha mviringo, kimeshiba. Kilikuwa kimeanguka kutoka kwa slugi mmoja, na hakuna aliyeweza kuapa ni yupi. Wote wawili wakakiona.

"Hiki nini?" aliuliza Haji kwa sauti ndogo.

"Zabibu," alisema Kuider.

"Aa, zabibu. Nzuri sana. Za wapi hizi?"

"Za Medea."

"Medea wana zabibu, wallahi."

Zabibu ikatembea. Ikatembea polepole kuelekea kwenye goti la Haji, na Haji akalirudisha goti nyuma huku akitazama dari. Kuider akanyoosha mkono, akaichukua kwa vidole viwili, akaitia mdomoni, akameza.

"Mungu akuongezee," alisema Haji.

Kuider alijifuta masharubu. Aliinuka kumwita Zerga asimame aonekane. Zerga akamsikia, maana hajawahi kutomsikia. Akainua miguu ya mbele, mapaja ya nyuma yakamkataa, akaanguka juu ya hina yake.

"Labda amelala sana," alisema Haji.

Mbarka akatokea nyuma ya pazia, mbele ya wanaume wageni, jambo asilolifanya maisha yake yote.

"Baba Aissa, umemeza mmoja. Walioko ukutani utawameza lini? Huyu anakufa!"

"Nitampeleka kwa daktari giza likiingia."

"Giza likiingia daktari yuko Jelfa, na Zerga yuko shimoni."

Haji akakumbuka ghafla kwamba ana safari, akatoka na dume lake bila kunawa. Kuider alisimama akimtazama Zerga. Naye Zerga alikuwa akimtazama yeye tu, akipiga mkia sakafuni kama anayeomba radhi. Kuider akainama, akambeba mikononi, akatoka kwa mlango wa mbele, nami nikamfuata.

Njia ya kwa daktari hupita mbele ya mkahawa, na siku ya soko viti vyote huwa vimejaa. Wacheza dhumna wakaacha kucheza.

"Kuider! Siku hizi muungwana habebwi na miguu yake?"

"Vigae vimemchosha!"

"Ana nini, binamu?"

Kuider akasimama katikati ya njia.

"Ana kupe!" alisema. "Ana kupe masikioni, ana kupe makwapani, na nyumbani kwangu kupe ni wengi kuliko nyie!"

Mkahawa mzima ukatazama chini kama umesikia tusi la mama.

Daktari alimdunga Zerga sindano, akampa Kuider dawa ya siku nyingi, akamwamuru aibomoe ile hamamu. Tulipotoka kupitia uani kwa daktari, tuliwakuta waungwana watatu wakingoja mlango wa nyuma, kila mmoja na kitu kirefu kilichofunikwa blanketi.

"Nimeleta mbuzi," alisema wa kwanza kabla hajaulizwa.

"Mimi pia," alisema wa pili.

Blanketi la tatu likabweka.

Zerga alipona. Kuider alivunja vigae kwa nyundo, na tangu hapo kila jioni huketi kizingitini na Mbarka, slugi katikati yao, wakimpekua mbele ya wapita njia. Wapita njia huvuka upande wa pili. Haji Buziane alilipandisha dume lake kwingine. Na mkahawani, ukiuliza leo kupe wameingiaje mjini mwetu, utajibiwa bila kusita, tena na watu wanaojikuna: kabla ya Kuider, hapakuwa na hata mmoja.