Mkono wa Gauni na Vifurushi Vitatu

Watu wengi hutazama tamthilia ili wajue nani ataolewa na nani. Pelagia alitazama ili ajue mshono umepita wapi. Alikuwa fundi cherehani wa Kanyenye, katikati ya mji wa Tabora, mwanamke wa makamo aliyezoea kuvaa futi ya kupimia shingoni kutwa nzima, hata Jumapili kanisani mkono wake ulipapasa shingo ukiitafuta. Mtu akilia kwenye skrini, yeye aliangalia kola. Watu wawili wakikwidana, yeye alisubiri kuona kifungo kipi kitatangulia kukatika.

Kwa hiyo Stela alipofika barazani pake na mama yake, wakitokea Ulyankulu, hakuhitaji maelezo mengi.

"Shikamoo, mama," Stela alisema, akikunja goti kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Harusi lini?"

Stela akacheka. "Nani kakwambia kuna harusi?"

"Mama yako. Hajasema neno, lakini tazama alivyoukumbatia huo mfuko."

Ndani ya mfuko mlikuwa na kitambaa cha rangi ya asali, kizito, chenye kung'aa kwa unyenyekevu kama kitu kisichotaka kujisifu. Mama Stela alikifunua taratibu juu ya meza. Marehemu mumewe alikinunua mwaka ambao tumbaku ilikubali, akakitia sandukuni, akasema hiki ni cha binti siku atakapotoka nyumbani. Kipande kilikuwa hicho kimoja tu. Madukani hakikuwepo tena, na hata kingekuwepo, kisingekuwa kile kilichoshikwa na mkono wa baba.

Kisha Stela akatoa simu na kuonyesha picha. Alikuwa Zulfa, yule mama tajiri wa tamthilia iliyokuwa ikizungumzwa mji mzima, amesimama mlangoni kwa gauni ambalo mikono yake ilipanda begani kama bawa lililokunjwa, kisha ikateremka ikibana hadi kiganjani.

"Nataka mikono kama hii," alisema. "Hii hii, mama."

Pelagia alipima kitambaa kwa macho, kisha kwa futi. Kilitosha gauni moja na pembe chache za kubaki. Akikosea mkono mmoja, hakuna wa pili. Aliwaaga wageni wake kwa tabasamu, lakini walipokwisha kukata kona aliuweka mkasi mbali, kama mtu anavyoweka kisu mbali na mtoto.

Tamthilia ile ilionyeshwa na huduma ya mtandaoni iitwayo Sebuleni, na Pelagia alikuwa mteja wake wa kifurushi cha chini kabisa, Mkeka. Mkeka ulifunguka kwenye simu tu. Picha yake ilikuwa kama mtu anayetazama uwanja kupitia moshi wa jikoni, na kila baada ya muda mfupi yaliingia matangazo. Pelagia alimfuatilia Zulfa asubuhi yote. Kila Zulfa alipoanza kugeuka ili kwapa lionekane, aliingia mama mmoja wa sabuni ya unga, akaanika mashuka kwenye kamba huku akiimba.

"Mama wewe," Pelagia aliiambia simu, "mashuka yako hayakauki?"

Alivuka kwenda kwa Gerson, aliyekuwa na duka la simu mlango wa pili. Gerson alikuwa Mgogo wa Mpwapwa, na kati ya Wagogo na Wanyamwezi, kabila la Pelagia, kuna utani wa tangu enzi za misafara, hivyo wawili hao hawakuwahi kusalimiana kama Wakristo.

"Mtani," Gerson alisema, "umekuja kuomba maji ya kunywa au njia?"

"Nimekuja kuuliza. Hivi vifurushi vitatu vya Sebuleni vinatofautiana nini hasa? Usinisomee walichoandika. Nieleze."

Gerson alipangusa mikono, akafurahi. "Mkeka unaujua. Cha pili ni Kiti. Picha safi, hakuna matangazo, skrini mbili kwa mpigo. Cha tatu ni Kochi. Picha ya juu kabisa, unaweza kutazamia hata kwenye televisheni kubwa, skrini nne."

"Nne za nini? Mimi nina macho mawili."

"Za familia."

"Na hiyo picha ya juu inazidi ile safi kwa kitu gani? Yaani naona nini kwenye Kochi ambacho kwenye Kiti sikioni?"

Gerson akakuna kidevu. Alikuwa ameuza vifurushi vile kwa nusu ya mtaa, na hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Wengi waliuliza bei tu. "Unaona zaidi," alisema mwishowe.

"Zaidi kiasi gani? Uzi unaonekana?"

"Sijui, mtani. Sijawahi kutafuta uzi."

"Basi tutautafuta. Nipandishe Kiti kwanza."

"Ndiyo hivyo," Gerson alisema akibonyeza simu yake. "Babu zako wakipita Ugogo na pembe za ndovu walitulipa hongo ya nguo ili tuwaruhusu kupita, mlango baada ya mlango. Leo fundi wa nguo analipa hongo ya picha. Mlango wa kwanza huo, umefunguliwa."

"Na wewe bado umekaa mlangoni. Hamkubadili kazi."

Kiti kilikuwa kitu kingine. Pelagia alirudi barazani akaitazama sehemu ile ile aliyoitazama asubuhi, makusudi, ili alinganishe. Ule moshi ulikuwa umeondoka. Aligundua kwamba gauni alilodhani ni jeusi lilikuwa la bluu iliyokolea, na kwamba alichodhani ni darizi kifuani zilikuwa shanga. Alipata pia mikunjo ya begani: minne, ikielekea nyuma. Aliichora kwa chaki mezani. Lakini chini ya mkono, pale panapobeba kazi yote, palibaki kivuli. Alijaribu kuikuza picha kwa vidole, kivuli nacho kikakua.

Mtu mwingine angekadiria. Mafundi wengi hukadiria, na mara nyingi kadirio hukubali. Pelagia alikitazama kile kitambaa cha rangi ya asali, akarudi kwa Gerson.

"Kochi," alisema.

"Linakula bando kama ng'ombe wangu wanavyokula mtama wenu."

"Nataka kuona. Na nataka kuonea kwenye hiyo televisheni yako."

Televisheni ya Gerson ilikuwa kubwa, mpya, imetundikwa ukutani ili kuvuta wateja, na siku zote ilionyesha mpira. Zulfa alipotokea juu yake, mrefu kuliko mlango, Julieth wa mgahawa wa jirani alikuja na mwiko mkononi. Julieth alikuwa ameitazama tamthilia yote, mara mbili, na hakupenda kuona mtu akiigusa bila yeye kuwepo.

"Usiniambie unaanzia katikati, da Pelagia."

"Sianzii popote. Nyamaza kidogo. Gerson, simamisha hapo."

Picha ikasimama. Pelagia alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Uzi ulionekana. Alihisi furaha ya ajabu, kama mtu aliyekuwa akisikia mazungumzo nyuma ya ukuta na sasa mlango umefunguliwa. Aliona jinsi kitambaa kilivyofumwa. Aliona mahali fundi wa Zulfa, popote alipokuwa, alipoharakisha akarukisha mshono. Akamwomba Gerson asogeze mbele kidogo, kidogo tena, mpaka Zulfa alipogeuka kuchukua barua. Chini ya kwapa, kati ya mikunjo, kitu kidogo kilimetameta.

"Kile ni nini?" Gerson aliuliza.

Pelagia alikinga mwanga kwa kiganja. "Pini," alisema. "Wamebana kwa pini. Ule mkono haukushonwa kukaa vile. Umeshikizwa tu ili upigwe picha."

"Mbona haumpasukii?" Julieth aliuliza.

"Ndilo ninalojiuliza. Julieth, wewe umemwona tangu mwanzo. Umewahi kumwona akinyanyua mkono?"

Julieth alifikiri, mwiko hewani. "Siku ya moto jikoni, hapana, alisimama tu. Kwenye msiba, hapana." Akaanza kucheka. "Hanyanyui, da Pelagia. Kitu kikiwa juu kabatini, mtumishi humtelemshia. Hata akilia, anafutwa machozi na mtu mwingine."

"Kwa hiyo mimi nimepita milango yote mitatu ya hongo," Pelagia alisema, "kwenda kutazama gauni la mtu asiyenyanyua mkono."

Gerson alicheka mpaka akashika kaunta. Pelagia hakucheka. Alikuwa amekumbuka harusi moja aliyowahi kualikwa Ulyankulu, kwenye zile familia zilizokuja kutoka Burundi miaka ya sabini. Bibi harusi alipoingia uwanjani wanawake walimzunguka, na wote wakainua mikono juu ya vichwa vyao, imepinda kama pembe za ng'ombe, wakacheza hivyo wimbo mzima bila kuishusha. Alimpigia Stela simu pale pale.

"Mwanangu, siku hiyo utacheza kwa mikono juu, kama mnavyocheza kwenu?"

Upande wa pili kulikuwa na kicheko. "Mama, nisipocheza bibi zangu watasema nimeolewa kwa nguvu."

Sasa alijua swali lake ni lipi, mkono ubane vipi na bado unyanyuke, na jibu halikuwa kwenye kifurushi chochote. Lilikuwa kwa marehemu mzee Sabiri, mshona kanzu aliyemfundisha kazi alipokuja mjini akiwa msichana kutoka Igalula. Kanzu, mzee Sabiri alikuwa akisema, ni nguo ya mtu anayefanya kazi, anayepanda punda, anayeomba dua. Kwa hiyo chini ya kila kwapa alitia kikwapa, kipande kidogo cha pembe nne, ambacho mkono ukishuka hujikunja kisionekane, na ukipanda hufunguka. Pelagia hakuwahi kukitia kwenye gauni la harusi. Hakumjua aliyewahi.

Kesho yake asubuhi alichukua zile pembe za kubaki, akakata vipande viwili. Kisha akavuta pumzi, akatia mkasi kwenye kitambaa cha baba yake Stela. Begani alikunja mikunjo minne ikielekea nyuma, kama ya Zulfa. Chini ya kwapa alimfuata mzee Sabiri.

Siku ya kujaribisha, Stela alisimama barazani, mikono imeteremka, naye alikuwa kama picha ile ile ya simu. Julieth alipiga kigelegele. Mama Stela alisogea katikati ya baraza, akaanza kuimba Kirundi kwa sauti ya chini, akainua mikono yake juu ya kichwa, imepinda. Stela akamtazama, akainua ya kwake.

Pelagia hakutazama uso wa mtu. Alitazama kwapa. Kitambaa kilivutika, mikunjo ikaachia kidogo, vile vipande viwili vikafunguka kama viganja. Hakuna uzi uliolia. Stela alizunguka na mama yake mpaka wimbo ukaisha, kisha akaishusha mikono, na mabawa yakajikunja mahali pake.

"Baba angekaa pale," Mama Stela alisema, akionyesha kiti karibu na cherehani. Kisha akaomba maji.

Mwezi wa Kochi ulipomalizika, Gerson alikuja mwenyewe barazani na simu yake, mcheshi kuliko kawaida.

"Mtani, mlango umefungwa. Nikurudishie Kochi?"

"Nirudishie Mkeka."

"Mkeka? Kwa ule moshi? Na matangazo yake?"

"Hayo hayo ndiyo ninayoyataka. Yule mama wa sabuni anaanika mashuka kutwa kwa mikono juu, na blauzi yake haijawahi kupanda kiunoni. Nimeanza kujiuliza wameikataje." Pelagia alivuta kiti karibu na simu. "Ukinifungulia, nyamaza. Akianza kuimba nataka kumwona mgongoni."