Mpinzani Anakusubiri

Mume wangu anatengeneza mafriji, na watu wanamwita Fundi Baridi. Mimi ninayekaa naye nawaambia hilo jina hamjalifikisha hata nusu. Tangu mama yake afariki, huyu mtu ukimwambia nyumba inaungua atakuuliza inaungua upande gani. Hagombi, hacheki. Anakula ninachopika, anasema "asante", na ukimwuliza kama chumvi imezidi anasema "sijui". Sijui! Ulimi ni wa nani?

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamtoa kwenye huo ubaridi kidogo: gemu la mpira la zamani, lile la wachezaji wenye vichwa vya pembe nne, alilokulia nalo yeye na kaka yake. Kila Jumamosi saa tisa alasiri walikuwa wanacheza kwa mtandao, kila mmoja nyumbani kwake, mji tofauti. Msidhani walikuwa wanaongea. Hawakuwa wamesemeshana tangu mazishi.

Mazishi yenyewe yalikuwa hivi. Mume wangu alikuwa safarini kikazi, basi likaharibika njiani, na alipofika alikuta watu wanakunja viti. Mama kashazikwa. Akamwambia kaka yake, "Mngenisubiri." Shemeji akajibu, "Tungesubiri mpaka lini?" Yakaishia hapo. Namba ya kaka yake akaifuta kwenye simu. Lakini Jumamosi iliyofuata nikamwona kawasha gemu, na jina la shemeji liko pale juu ya kioo. Wakacheza mpaka mwisho, kila mmoja kimya kwake. Nikasema moyoni, makubwa haya, lakini heri nusu shari kuliko shari kamili, niwaache.

Sasa mwaka huu kampuni yenye gemu ikatangaza kwamba inalifufua. Toleo jipya: nyasi zinaonekana nyasi, wachezaji wana nywele, hata jasho linaonekana. Na lile la zamani linazimwa kabisa, Jumamosi saa kumi kamili. Mimi ndiye niliyemsomea tangazo, nimekaa kwenye cherehani yangu. Marafiki wa toleo la zamani hawahamishwi, kila mtu anaanza upya. Na ile kasoro iliyolalamikiwa miaka yote wameirekebisha, wanajisifu kweli: "Hutamsubiri mtu tena! Mpinzani akichelewa, tunakupa mwingine papo hapo."

Maana gemu la zamani lilikuwa na chumba cha kusubiri. Mwenzako asipokuwepo unakaa humo, na kila baada ya muda mfupi lazima ubonyeze kitufe, la sivyo linakutoa nje. Ukienda chooni tu, umetolewa. Watu walikitukana kile kitufe matusi yote.

"Utamtafuta kaka yako kwenye hilo jipya?" nikamwuliza.

"Akitaka atanitafuta."

"Na yeye akisema hivyohivyo?"

"Basi."

Basi! Nilitamani nimchome sindano nione kama damu itatoka. Ile Jumamosi moja ndiyo kamba pekee iliyobaki kati yao, na inakatwa, na yeye anatafuna mkate.

Jumamosi yenyewe ikafika. Mchana mwenye bucha akaja anahema, friji lake limezima na nyama imejaa. Mume wangu akachukua mkoba wa vifaa. Nikamwambia, "Leo ni ya mwisho, unajua?" Akasema, "Najua." Akaondoka, na simu kaiacha inachaji. Jamani!

Saa tisa haikumkuta nyumbani. Nikawasha televisheni na mashine ya gemu, hilo naliweza. Jina la shemeji likatokea, na chini yake maandishi: MPINZANI ANAKUSUBIRI. Sikugusa kingine, nisije nikaharibu. Nikampigia mwenye bucha, hapokei. Kumfuata kwa miguu, tungepishana. Nikakaa mbele ya kioo na sketi ya mteja mapajani, sishoni chochote. Jina liko palepale. Nikaanza kuliongelesha kama mwehu: "Shemeji, usiondoke. Vumilia, baba, anakuja." Jina halikuondoka.

Aliingia zikiwa zimebaki dakika chache, mikono myeusi kwa grisi, ananuka bucha.

"Ulikuwa wapi wewe! Angalia!"

Akasimama, akaangalia. "Kaingia saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Akatoka, akarudi?"

"Hajatoka hata kidogo. Nimekaa hapahapa, macho sijapepesa."

Nikaona kidole gumba chake kinacheza chenyewe, kinabonyeza hewa, kinaacha, kinabonyeza tena. Halafu akakaa chini hivyohivyo bila kunawa, akaingia. Wachezaji wa vichwa vya pembe nne wakatoka uwanjani, mpira ukawekwa kati, firimbi ikalia. Hakuna aliyeugusa. Kioo kikawa cheusi, kisha yakaja maneno ya kampuni ya kushukuru wateja.

Mimi ndiye niliyelia. Yeye aliendelea kutazama yale maneno. Mwishowe akasema, kwa sauti ileile ya "sijui" ya kila siku, "Nipe namba yake."

Ninayo, siku zote ninayo, shemeji yangu nimfute kwa kosa gani? Nikapiga mwenyewe, nikamshikia simu sikioni kwa sababu ya ile grisi.

"Kaka," akasema. "Nimechelewa."

Simu yangu ina sauti kubwa, kila kitu nilikisikia. Shemeji akavuta pumzi. "Nilikusubiri mpaka wakanizimia."

Nikadhani simu imekatika. Ndipo mume wangu akauliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza mimi, wala mtu mwingine yeyote aliyekuwepo siku ya mazishi:

"Mama uso wake ulikuwaje?"

Shemeji akaanza kumweleza. Akakwama, akaanza tena. Mume wangu akawa anaitikia kwa kichwa, utadhani kaka yake anamwona. Mkono wangu ukafa ganzi kwa kushika simu, na sikuushusha.