Mikono Kwanza, Kamba Baadaye

Mwalimu wa gredi ya nne, pale Awendo, hasahihishi kazi ya mikono kabla hajaikagua mikono yenyewe. Mtoto akileta kamba ya katani aliyotumwa kusokota nyumbani, mwalimu huiweka kamba kando, akavishika vidole vya mtoto na kuvigeuzageuza penye mwanga wa dirisha kama mama anayechagua dagaa wa omena sokoni. Katani haina siri. Utomvu wake huwasha, na nyuzi zake hukwaruza. Akikuta viganja laini, huguna kidogo, kisha husema bila ukali, "Mwambie mama amepita. Wewe nakungoja kesho." Kamba zilizopindapinda ndizo anazotundika ukutani. Wazazi wakinung'unika, huwaambia kwamba mtoto asiyeachwa akosee hujifunza kutazama tu.

Alhamisi ilifika zamu ya msichana wa dawati la mbele, bintiye mwenyewe. Kamba yake ilikuwa imekazwa sawasawa toka ncha hadi ncha. Mwalimu alinyoosha mkono, akasita. Jana yake jioni alimwona mtoto akihangaika na nyuzi, akamwambia, "Lete nikuanzishie tu," na akaja kushtuka kamba imekwisha. Msichana hakutoa vidole vyake. Aliushika ule mkono wa mama, akaugeuza penye mwanga, na darasa zima likaiona mikwaruzo.

"Mwalimu," akauliza taratibu, "mama amepita?"

"Mama ameanguka," mwalimu akajibu. "Wewe nakungoja kesho."